Mizani ya Kioo

Hotuba ya Kamati ya Mifugo, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Waliotutangulia wamesema juu ya kahawa, maghala na mikopo iliyolipwa, nao wamesema vema. Baada ya maneno mazuri kama hayo twaona haya kidogo kusimama na kuzungumza habari za mavi ya mbuzi. Hata hivyo twaomba mtuvumilie, kwa sababu katika mavi hayo zimo fedha za wanachama wetu zinazopotea kila mwaka, wala hakuna kati yetu aijuaye hesabu yake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza twapenda kuwakumbusha jambo ambalo vijana wengi hawakulishuhudia. Katika Kanda hii ya Ziwa ushirika ulianza kwa ugomvi wa mizani. Mkulima wa pamba alipopeleka mzigo wake kuuza, mizani ilikuwa mikononi mwa mnunuzi, naye mkulima hakuwa na njia ila kuamini alichoambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kuamini. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakajiunga pamoja chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 vyama vyao vikafanya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Yaliyofuata mwayajua: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavifungulia tena mlango. Miaka mingi imepita, lakini somo la kwanza halikufutika, yaani mtu asiyeshika mizani yake mwenyewe hana la kusema juu ya hasara yake.

Leo tumekuja na mizani nyingine. Ni ndogo kuliko kiganja cha mkono, imetengenezwa kwa kioo, na kazi yake ni kupima wingi wa mayai ya minyoo katika kinyesi cha mnyama. Tutaeleza namna ifanyavyo kazi, tutaeleza na mipaka yake, kisha tutaleta maombi matatu mbele ya mkutano. Ombi moja kati ya hayo litapunguza faida ya duka letu wenyewe, na twalisema mapema ili asiwepo wa kudai baadaye kwamba tulimficha.

Ndugu wajumbe, jambo lenyewe lilianza hivi. Mama mmoja, mwanachama wetu wa upande wa Mugumu, alikuja dukani mwetu wakati wa mvua. Mbuzi wake walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, na wawili walikuwa na uvimbe laini chini ya taya kama mfuko wa maji. Alikuwa ameuza mbuzi mmoja ili awanunulie wengine dawa. Tulimpa chupa, akalipa, akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi kununua chupa ya pili, maana mbuzi hawakupata nafuu na wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wakati huo Kamati yetu ilikuwa imepata kioo chake cha kwanza, nasi tulikuwa bado tunajifunza kukitumia. Tukamwomba atuletee kinyesi kabla hatujamuuzia tena. Alileta, tukatazama, na tukaona mayai ya minyoo yametapakaa katika mraba mzima.

Yule mama alituuliza swali moja tu: "Basi fedha yangu ilikwenda wapi?"

Tulishindwa kumjibu. Huenda dawa ilikuwa dhaifu. Huenda alikadiria uzito kwa macho, akawapa pungufu. Huenda minyoo wale walikuwa wamekwisha kuizoea dawa ya namna ile. Sababu zote tatu zawezekana, nasi tusingeweza kuzitenganisha, kwa kuwa hatukuhesabu mayai kabla ya dawa. Duka letu lilipata faida yake siku ya kwanza, na lingalipata tena siku ya pili kama tungaliuza chupa nyingine bila kuuliza. Hapo ndipo tulipotambua kwamba sisi wenyewe tumesimama mahali alipokuwa amesimama yule mnunuzi wa pamba wa zamani, na mwanachama wetu yuko upande wa pili hana mizani.

Sasa tueleze adui mwenyewe. Minyoo wa tumboni ni wa namna nyingi, lakini aletaye vifo vingi kwa mbuzi na kondoo katika nchi za joto ni yule mnyonya damu ambaye wataalamu humwita Haemonchus. Hukaa katika tumbo la nne la mnyama acheuaye. Urefu wake ni kama sentimita mbili au tatu, na ukimtazama jike aliyeshiba damu utaona mistari myekundu na myeupe iliyozungukana kama kamba iliyosokotwa. Mnyoo mmoja humpotezea mnyama kiasi cha mililita 0.05 za damu kwa siku, yaani kama tone moja. Tone moja si kitu. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili mwilini mwake. Ndiyo maana macho yake hupauka, maji hukusanyika chini ya taya, na mwisho huanguka njiani wakati wenzake wakienda malishoni.

Jike mmoja wa minyoo hao hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu huanguliwa. Katika muda wa wiki moja hivi viluwiluwi huwa tayari kupanda katika majani na kungoja mdomo wa mnyama. Kwa hiyo katika nchi yetu hatari hupanda wakati wa vuli na masika. Nyanda za juu za Tarime, ambako majani hukaa na unyevu kwa muda mrefu, zina shida yake. Upande wa Serengeti kiangazi huua viluwiluwi wengi malishoni, lakini minyoo wengine hujificha ndani ya mnyama bila kukua, wakingoja mvua irudi. Tena wanyama pori wacheuao nao huwa na minyoo wa jamii ya Haemonchus, na mifugo yetu iliyo karibu na mipaka ya hifadhi huweza kula majani waliyopita wao.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Walipochinja walitazama tumbo, wakaona minyoo na kujua kilichomkondesha mnyama. Tofauti ni kwamba wao walihesabu mnyama akiwa amekwisha kufa. Kioo hiki chatuwezesha kuhesabu angali hai.

Basi kioo chenyewe kikoje? Ni vipande viwili vya kioo vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, na siku hizi vipo pia vya plastiki angavu. Kati yake mna vyumba viwili, na kila chumba kina kina cha milimita moja na nusu. Katika kioo cha juu umechorwa mraba juu ya kila chumba, sentimita moja kwa sentimita moja, nao umegawanywa kwa mistari ili jicho lisipotee. Maji yaliyo chini ya mraba mmoja ni mililita 0.15 kamili, hayazidi wala hayapungui. Siri yote ya kioo iko hapo: tukijua kiasi cha maji tunachokitazama, twajua kiasi cha kinyesi kilichomo, na hesabu yetu huwa ya haki.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chukueni kinyesi kibichi, na kilicho bora ni kile kinachotolewa katika njia ya haja ya mnyama kwa mkono uliovikwa mfuko safi, kwa maana kilichookotwa chini hakijulikani ni cha mnyama gani wala kimelala saa ngapi. Andikeni jina au alama ya mnyama juu ya mfuko. Kileteni siku ile ile, kivulini, kwa sababu kikikaa katika joto mayai huanguliwa na hesabu huharibika.

Kisha pimeni gramu 4 za kinyesi, mzichanganye na mililita 56 za maji ya chumvi yaliyokolezwa. Chumvi ni hii hii ya jikoni. Huyeyushwa katika maji ya moto, kiasi cha gramu 400 kwa lita moja, hata itakapogoma kuyeyuka zaidi. Mchanganyiko huo ukivurugwa vizuri hupitishwa katika chujio la chai. Mara moja, kabla mayai hayajapanda juu, vuteni maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, myajaze katika vyumba vyote viwili, halafu mwache kioo kitulie kwa dakika tano hivi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko mayai ya minyoo wengi. Takataka huzama, na mayai huelea mpaka yakagusa kioo cha juu, pale pale penye mistari.

Hapo kioo huwekwa chini ya hadubini. Haihitajiki hadubini ya gharama kubwa, kwa kuwa inayokuza mara 100 yatosha, na ile yenye kioo cha kupokea mwanga wa jua hufanya kazi hata mahali pasipo na umeme. Mhesabuji hufuata mstari kwa mstari, akiyahesabu mayai yaliyo ndani ya miraba miwili. Mapovu ya hewa ni ya mviringo kamili na yana ukingo mweusi mnene, nayo huwadanganya wanaoanza kujifunza. Yai la minyoo wa jamii ya Haemonchus lina umbo la yai la kuku lililopunguzwa ncha, ganda lake ni jembamba, na ndani yake mna chembe zilizoshikana kama tunda la stafeli.

Sasa hesabu. Gramu 4 ndani ya mililita 60 ni sawa na gramu moja ndani ya mililita 15. Miraba miwili pamoja ni mililita 0.3, yaani sehemu moja ya hamsini ya mililita 15. Basi idadi tuliyoiona huzidishwa kwa 50, na jibu ni mayai yaliyomo katika gramu moja ya kinyesi. Tuseme tumeona mayai 24: mara 50 ni 1,200. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, na twataka aifanye, ili baba yake asidanganywe.

Huenda mtu akauliza, je, jambo hili limetoka wapi? Mwaka 1923 Mmarekani aitwaye Norman Stoll alieleza njia ya kuhesabu mayai ya minyoo ya safura katika kinyesi cha binadamu. Mwaka 1939 wataalamu wawili wa Australia, Gordon na Whitlock, walitangaza kioo hiki chenye vyumba kwa ajili ya kondoo. Walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya McMaster, mjini Sydney, na hata leo dunia nzima hukiita kioo cha McMaster. Twawaomba mlisikilize jina hilo vizuri. McMaster hakuwa mtaalamu wa hadubini. Alikuwa mfugaji wa kondoo, aliyetoa pauni 20,000 ili maabara ile ijengwe, nayo ilifunguliwa mwaka 1931. Kwa hiyo chombo hiki kimetokana na fedha ya mfugaji. Tukikileta Tarime na Serengeti kwa fedha ya wafugaji, tutakuwa tumekirudisha kwa wenyewe.

Ndugu wajumbe, si haki kuusifu ushahidi wa mizani bila kutaja mahali usipofika. Kioo hiki kina mipaka yake. Kwanza, kwa kuwa twazidisha kwa 50, mnyama mwenye mayai machache sana huweza kuonekana hana hata moja. Sifuri haina maana ya tumbo safi. Pili, minyoo wachanga hawatagi, na mnyama aweza kuumwa nao kabla yai la kwanza halijaonekana. Tatu, mayai ya minyoo bapa wa ini ni mazito na hayaelei katika maji ya chumvi. Hao huishi mabondeni penye maji yaliyotuama na konokono, na ng'ombe wanyweao huko hupimwa kwa njia nyingine, ya kuacha mayai yazame. Nne, ng'ombe wakubwa hutoa mayai machache hata wakiwa na minyoo, hivyo kioo husema kweli zaidi kwa mbuzi, kondoo na ndama kuliko kwa fahali na majike wazima. Tano, kioo hakioni ndigana wala nagana, maana vijidudu vya maradhi hayo huishi katika damu. Mnyama mwenye macho yaliyopauka na kinyesi kisicho na mayai yampasa kuonwa na daktari wa mifugo upesi. Kumnywesha dawa ya minyoo kwa kubahatisha kutampotezea muda.

Kwa sababu hiyo hesabu ya kioo haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na umri wa mnyama, unene wake, majira ya mwaka, na rangi ya ngozi ya ndani ya kope. Huko Afrika ya Kusini daktari Malan na wenzake walitengeneza kadi yenye rangi tano, kutoka nyekundu hata nyeupe, ambayo mfugaji huilinganisha na jicho la mbuzi au kondoo. Kadi hiyo huitwa FAMACHA, nayo ni rafiki mwema wa kioo: jicho huonyesha damu iliyobaki, kioo huonyesha mayai yanayomwagwa malishoni.

Twaja sasa kwenye kiini cha hotuba yetu. Kuna wasemao, "Kwa nini tujisumbue kuhesabu? Mvua ikianza, tuwanyweshe wote, tumalize." Sisi wenyewe tulikuwa tukisema hivyo, na duka letu lilikuwa likitangaza hivyo. Lakini tazameni historia ya dawa. Thiabendazoli iliingia sokoni mwaka 1961, na watu wakadhani vita imekwisha. Mwaka 1964, yaani miaka mitatu tu baadaye, zilitolewa habari za minyoo wa kondoo waliokuwa hawafi kwa dawa ile. Hata hapa kwetu Tanzania, mwaka 1991 wataalamu waliandika kwamba Haemonchus wa kondoo wamepatikana wakiwa sugu kwa dawa za jamii hiyo hiyo, ambayo ndugu yake albendazoli mwamjua nyote, kwa maana hujaa katika rafu za maduka yetu.

Usugu huja namna gani? Katika kundi la minyoo wamo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuvumilia dawa. Tukiwanywesha wanyama wote kwa wakati mmoja, minyoo dhaifu hufa wote, na wale wachache hubaki peke yao kutaga mayai. Malisho yote yakajaa wana wao. Tukitoa dawa pungufu, tunawafundisha kuvumilia. Lakini tukiwanywesha wale tu wanaohitaji, na kuwaacha wenye afya, malishoni hubaki minyoo dhaifu wengi wa kuchanganyika na wale sugu, na dawa yetu hudumu miaka mingi zaidi. Jambo hili ni gumu kulikubali, nasi twalijua. Mfugaji ameambiwa siku zote kwamba minyoo ni wa kuua wote. Leo twamwambia kwamba baadhi yao wakiachwa katika wanyama wenye nguvu watamlindia dawa yake.

Na hapa kioo huleta faida ya fedha taslimu. Katika kundi lolote minyoo haigawanyiki sawasawa. Wanyama wachache hubeba minyoo wengi, na walio wengi hubeba wachache. Asiyehesabu hununua dawa ya wote kwa ajili ya hao wachache. Aliyehesabu hununua ya wachache.

Hesabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Baada ya siku 14 tangu kunywesha, kinyesi cha wanyama wale wale huhesabiwa tena. Tuseme mbuzi kumi walikuwa na wastani wa mayai 1,000 kwa gramu. Dawa ikifanya kazi yake, wastani haupasi kuzidi 50, maana kiasi kinachotakiwa ni kupungua kwa asilimia 95 au zaidi. Ikiwa wamebaki na 400, kuna kosa, nasi tutafute lilipo. Je, uzito ulipimwa? Je, chupa imepitwa na tarehe? Je, mbuzi walipewa kipimo cha kondoo, ilhali mwili wa mbuzi huiondoa dawa upesi zaidi na kipimo chao hupaswa kuelekezwa na daktari wa mifugo? Haya yakiwa sawa yote, basi minyoo ni sugu, na dawa ya jamii nyingine itafutwe. Bila hesabu mbili hatuna ushahidi, tuna malalamiko tu. Tukiwa na hesabu mbili zilizoandikwa twaweza kumwendea aliyetuuzia, twaweza kupeleka sampuli kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichoko Mwanza, na twaweza kumjibu mwanachama anapouliza fedha yake ilikwenda wapi.

Yule mama wa Mugumu tulimrudia. Kwa shauri la daktari wa mifugo mbuzi wake walipimwa uzito kwa utepe mmoja mmoja, wakapewa dawa ya jamii nyingine, na hesabu ikafanywa kabla na baada. Mara ya pili kioo kilikuwa karibu kitupu. Mbuzi wake wawili waliokufa hawakurudi, wala yule aliyeuzwa. Lakini safari hii alitutazama tukihesabu, akashika hadubini mwenyewe, na alipoondoka alichukua karatasi yenye namba mbili. Alisema ataitunza pamoja na kitabu chake cha hisa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta maombi matatu.

La kwanza: vyama vya msingi vilivyo jirani viungane na kununua hadubini moja, vioo viwili vya kuhesabia na mizani ndogo ya gramu, na vichague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wafundishwe kuhesabu chini ya ofisa mifugo wa kata. Wawili wahesabu kinyesi kimoja bila kuambiana, kisha walinganishe. Kama vile hatumwachi karani mmoja wa kahawa peke yake na mizani, tusimwache mhesabuji mmoja peke yake na kioo.

La pili: hesabu hizo ziandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya mkutano wa chama, kama zisomwavyo kilo za kahawa. Asionewe haya mwenye namba kubwa, maana minyoo haimchagui mvivu wala mwenye bidii. Tena mnyama anunuliwaye mnadani, awe ametoka Sirari au Mugumu, ahesabiwe kabla ya kuingia zizini, kwa sababu huja na minyoo wake, na huenda minyoo hao wamekwisha kushindana na dawa ya bwana wao wa kwanza.

La tatu ndilo tulilolitaja mwanzoni. Duka la Chama Kikuu liache kumsukumia mwanachama chupa nzima kila mvua inapoanza. Liuze kipimo kwa uzito wa mnyama, kwa aliyehesabiwa kwanza au aliyeandikiwa na daktari wa mifugo, na mwenye duka asilipwe kwa wingi wa chupa anazouza. Mauzo yatapungua, hatuwafichi. Katika hesabu za mwakani mtaona mstari wa dawa za mifugo umeshuka, na atasimama mjumbe aulize kwa nini. Twawaomba siku hiyo mkumbuke kwamba faida ya duka iliyotoka katika mfuko wa mwanachama bila kumponyesha mbuzi wake ni hasara iliyovaa nguo za faida.

Wengine watasema jambo hili ni dogo kwa siku kubwa kama ya leo. Sisi twaona vingine. Katika nyumba zetu ng'ombe na mbuzi ndio mahari, ndio karo ya shule, ndio dawa ya mtoto usiku, ndio heshima ya mzee anapoulizwa ana nini. Kahawa huvunwa kwa majira yake, lakini mbuzi huuzwa siku shida ibishapo hodi. Chama kinachopima kahawa ya mwanachama kwa uaminifu na kuacha mbuzi wake waliwe na minyoo bila hesabu kimelinda mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Miaka kumi iliyopita tulikubaliana kushika mizani yetu wenyewe. Twaomba katika miaka kumi ijayo tushike na hii ndogo ya kioo, ili mwanachama atakapokuja dukani na kutuuliza fedha yake ilikwenda wapi, tufungue daftari na kumwonyesha.

Udumu Ushirika.